Ajali huhesabiwa kwa Mei, harusi zetu ni za Mfungo Mosi



Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa taarifa ya ajali za barabarani zilizoripotiwa Polisi, Unguja na Pemba. Mna idadi ya ajali, waliofariki, waliojeruhiwa, wanaume wangapi na wanawake wangapi. Kisha mwezi hulinganishwa na ule uliotangulia, na mwezi kama huo wa mwaka uliopita. Taarifa ikitoka, picha yake huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp siku mbili. Anayeona zimepungua husema alhamdulillah. Anayeona zimeongezeka husema vijana wa bodaboda wametushinda. Siku ya tatu mazungumzo yamesharudi kwenye bei ya vitambaa.

Sisi tunaoishi kwa kazi za harusi hapa Chake Chake, tunaoshona, kupamba, kupika na kukodisha viti, tuna maoni yetu juu ya taarifa ile. Tunaona inawahusu wanawake na mabibi harusi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Na tunaona kwamba ukiisoma kwa miezi ya kizungu peke yake, hutaona kinachotokea mjini kwetu.

Kwanza tuseme kuhusu udogo wa mji. Chake si Dar es Salaam. Tuchukue mfano wa kubuni tu, ili hoja ieleweke. Mji mdogo una ajali 3 mwezi mmoja, na mwezi wa pili 6. Kwa hesabu hiyo ajali zimeongezeka kwa asilimia 100, na mtu atashika kichwa. Mwezi wa tatu zikarudi 3, watu watasema zimepungua kwa nusu, na pengine mtu atapongezwa. Lakini barabara ni ile ile, madereva ni wale wale, na huenda hakuna kilichobadilika. Mji ambao kwa wastani hupata ajali 4 kwa mwezi unaweza kuwa na 2 mwezi huu na 6 mwezi ujao kwa bahati tu. Fundi mzoefu hapimi kitambaa kwa shibiri moja. Kwa mji kama wetu, mwezi mmoja haupimi kitu. Tazama miaka mitatu au minne kwa pamoja, hapo ndipo utaona kama nguo ni ndefu au fupi.

La pili ndilo kubwa, na ndilo lililotufanya tuandike. Miezi ya kwenye taarifa ni Januari, Februari, Machi. Maisha yetu ya visiwani hayaendi hivyo. Bibi zetu walihesabu Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, mpaka Mfungo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Hesabu hiyo bado ndiyo inayoamua lini watu wanaoa, lini wanasafiri na lini mji unajaa. Shaabani watu hukimbizana kuozesha kabla ya mfungo. Ramadhani harusi husita. Mfungo Mosi, ukishaandama mwezi wa Idd, milango hufunguka tena. Watu wa Unguja na Tanzania Bara hupanda boti kuja kula sikukuu, na harusi hupangwa humo humo kwa sababu jamaa wote wapo.

Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11. Tazama Idd el-Fitri. Mwaka 2022 ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Mwaka 2023 ilikuja baada ya tarehe 20 Aprili. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili, na mwaka 2025 ilikuwa tarehe 31 Machi. Sasa mtu akilinganisha Mei 2022 na Mei 2023, analinganisha mwezi ulioanza na sikukuu na mwezi ambao sikukuu ilishapita. Akilinganisha Aprili 2022 na Aprili 2025, ndiyo zaidi: Aprili ya kwanza karibu yote ilikuwa ni mfungo, na ya pili karibu yote ilikuwa Mfungo Mosi, msimu wa harusi wenyewe. Kwenye karatasi zote zimeandikwa Aprili. Kwa mtu wa Chake ni miezi miwili tofauti kama masika na kaskazi. Na mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Sijui atakayeisoma taarifa ya mwaka ule ataifahamu vipi asipoweka kalenda mbili mezani.

Hatusemi mtakwimu amekosea. Hesabu ya serikali lazima ifuate miezi ya serikali, na miezi hiyo ina mambo yake ya kweli, maana mvua za masika na za vuli haziulizi mwezi umeandama au la. Na kisiwani kwetu kuna karafuu pia. Msimu ukiwa mzuri, fedha zinaonekana, gari za mizigo zinazidi, majamvi ya karafuu yanatandikwa kandokando ya barabara na mwenda kwa miguu anasukumwa kwenye lami. Karafuu nazo hazizai sawa kila mwaka. Kwa hiyo mwezi mmoja wa taarifa umebeba mvua, karafuu, sikukuu na bahati. Tunachosema ni kwamba hili la sikukuu na harusi tunalijua sisi kabla ya mtu mwengine yeyote.

Tunalijua kwa sababu limo kwenye madaftari yetu. Fundi cherehani ana daftari la oda. Limeandikwa jina, vipimo, siku ya kuchukua nguo na siku ya harusi. Mpambaji ana lake, mpishi ana lake, mwenye viti na mapazia ana lake. Rajabu ikiingia tu, sisi tunajua Ijumaa na Jumapili za Shaabani zitakuwaje. Tunajua biharusi yupi anatoka Wawi kwenda Konde, yupi anashushwa bandarini Mkoani apandishwe boti. Tunajua gari ngapi na sare ngapi, na kwa idadi ya sare tunajua watu wangapi watabebwa. Taarifa ya ajali huja baada ya watu kuumia. Daftari la fundi linajua wiki sita kabla. Basi nani ana nafasi nzuri zaidi ya kuzuia jambo lisitokee?

Mtu ataona tunakuza mambo, kwamba ajali ni za bodaboda na daladala, harusi imefanya nini. Wala si uongo kwamba wanaoumia zaidi barabarani ni wanaume. Duniani kote wanaume wanaokufa kwa ajali za barabarani ni karibu mara tatu ya wanawake. Lakini kijana wa bodaboda akifa, nani anakaa eda? Nani anabaki na watoto na deni la ile pikipiki? Hesabu ya taarifa inaishia kwa aliyefariki. Hesabu ya nyumbani ndiyo kwanza inaanza hapo, na aliyeishika ni mwanamke.

Tena tuangalie msafara wa harusi ulivyo siku hizi. Mbele kuna vijana na pikipiki zao, wanainua gurudumu, wanapiga honi. Nyuma kuna keri imejaa wanawake wamesimama wanapiga vigelegele. Katikati kuna gari ya biharusi, na gari ya mpiga picha inaipita na kurudi ili apate picha nzuri, nusu ya mwili wake uko nje ya dirisha. Barabara zetu za Pemba ni za vilima na kona, unapanda hujui nini kinashuka. Dereva hajalala, jana alikuwa mkeshani na alfajiri alikwenda kuchukua ng'ombe. Biharusi hakufunga mkanda kwa sababu gauni litakunjika. Kapakatwa mtoto wa shangazi mbele. Kila mtu ana furaha, na furaha ni haki yao. Lakini hebu tuambiane ukweli: siku ya kawaida, gari gani lingeachiwa kwenda hivyo?

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Mkanda kwa aliyekaa mbele hupunguza hatari ya kufa hadi nusu. Na uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi umeonesha kuwa helmeti humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Haya si mambo ya kungoja barabara mpya au taa mpya. Yanafanyika kwa neno la mtu mmoja ndani ya nyumba ya harusi.

Sasa turudi kwenye kazi yetu ya kitambaa, kwani hapo tuna la kusema ambalo polisi hawezi kulisema. Mwanamke wa kisiwani hupanda bodaboda akiwa na buibui, ushungi, mkoba na mara nyingi mtoto. Hukaa upande, miguu yote pamoja, kwa sababu ya stara. Pindo refu likipeperuka linaingia kwenye mnyororo au kwenye spoki, na gurudumu halisubiri. Linavuta nguo, na nguo inamvuta mwenyewe. Yapo mambo ya kumfanyia, na hakuna hata moja linalopunguza stara.

Buibui la kupandia pikipiki lishonwe na vishikizo viwili upande wa chini, vya kifungo na kitanzi, ili pindo likunjwe na kufungwa wakati wa safari, na ukishuka unafungua linarudi chini. Ndani ivaliwe suruali pana ya kitambaa chepesi, ndefu mpaka kifundoni. Hapo mwanamke anaweza kukaa sawasawa, mguu huku na mguu huku, na mwili wake umesitirika zaidi kuliko yule anayeshikilia buibui kwa mkono mmoja na dereva kwa mkono mwengine. Mikono ya buibui iwe na lastiki isipepee. Mtandio wa safari uwe mwepesi, usiokuwa na pini juu ya kichwa, na nywele zifungwe chini shingoni zisirundikwe utosini, ili helmeti ikae. Helmeti inayokaa juu ya fundo la nywele haijavaliwa, imewekwa tu.

Na gauni la harusi lenye mkia mrefu, lishonwe mkia wa kuvulika. Ni kazi ya kulabu chache kiunoni. Biharusi anapanda gari bila mkia, anafunga mkanda, anafika, anavalishwa mkia wake mlangoni na somo wake, na anaingia kama malkia. Gauni halijakunjika na yeye yu mzima. Fundi yeyote mwenye cheti au asiye na cheti analiweza hili. Biharusi aliombe tu wakati wa kupimwa, asingoje siku ya mwisho.

Tunajua majibu yatakayokuja, maana tumeshayasikia dukani.

La kwanza, kwamba ajali ni kadari. Naam, kila kitu ni kwa kadari ya Allah, na hilo hatuligombi. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa juu ya kumwacha ngamia na kumtegemea Mwenyezi Mungu, alimwelekeza mtu yule amfunge kwanza kisha ndiyo atawakali. Na alitufundisha kwamba kuondoa chenye madhara njiani ni sehemu ya imani. Kama kuondoa mwiba njiani ni ibada, basi kuondoa mwendo wa kasi kwenye msafara wa mwanao ni nini? Tunasoma dua ya safari, na ni vyema. Tusome na mkanda umefungwa.

La pili, kwamba tunataka kuharibu furaha za watu. Sisi ndio tunaokula kwa furaha hizo, hatuwezi kuzichukia. Vigelegele vipigwe, beni ipigwe, watu wacheze. Vipigwe nyumbani na ukumbini. Barabara si ukumbi, na anayepita pale ana haki yake, awe mtoto wa skuli au mzee anayetoka msikitini.

La tatu, kwamba hii ni kazi ya polisi na serikali. Ni kweli, na wasisamehewe. Kona zisizo na alama, pikipiki bila taa na keri ya mizigo iliyobeba watu ni mambo ya mwenye mamlaka. Lakini polisi hawezi kukaa kwenye kila kona kila Jumapili ya Mfungo Mosi. Na askari mwenyewe ni mtu wa mji huu huu, akiona gari ya biharusi anaona haya kuisimamisha. Haya hiyo sisi tunaweza kumwondolea, kwa kuhakikisha hakuna sababu ya kuisimamisha.

Kwa hiyo tunayo maombi matatu.

Kwa familia yenye harusi. Kama mnavyochagua mtu wa kushika fedha na mtu wa kusimamia jiko, chagueni na mtu wa kushika safari. Awe mtu mzima anayesikilizwa, ammi au kaka mkubwa, au shangazi ambaye hakuna kijana wa kumbishia. Kazi yake ni kujua madereva ni nani na wamelala au hawakulala, gari inabeba watu wangapi, na nani anatangulia kwa mwendo gani. Mpiga picha aambiwe mapema kwamba picha za barabarani hazitakiwi. Vijana wa pikipiki waambiwe na bwana harusi mwenyewe, maana ni rafiki zake: asiye na helmeti hatangulii msafara. Na wanawake wapewe gari ya abiria, si ya mizigo. Punguzeni sinia za ukumbini mkodi daladala moja ya ziada. Hakuna mgeni aliyekwenda kwao akilalamika sinia zilikuwa chache, kama amefika kwao.

Kwa wenzetu wa biashara za harusi. Mteja anapokuja kuandikisha oda, muulizeni swali moja zaidi: watu watakwendaje na watarudije? Wengi hawajalifikiria mpaka siku yenyewe. Swali halina gharama. Na tukiona kwenye madaftari yetu kwamba siku moja ina harusi nyingi kwenye njia moja, tumwambie sheha wa shehia. Sheha ana njia ya kuzungumza na askari wa usalama barabarani, na yeye hukubaliwa pale ambapo fundi angechekwa.

Kwa wenye kuandaa taarifa. Tunawashukuru, kwani bila ya nyinyi tungekuwa na uvumi tu. Tunaomba mara moja kwa mwaka mtupangie ajali kwa miezi yetu pia, Mfungo Mosi mpaka Ramadhani, kwa miaka kadhaa pamoja, na mtuoneshe siku za wiki na saa. Tungependa kuona saa ya kukimbilia futari ikoje, na siku nne za Idd watoto wanapomiminika viwanjani Tibirinzi, na Jumapili za Shaabani zikoje. Pengine itaonekana tumedhani sivyo, na hatari kubwa iko kwengine kabisa. Hilo nalo litakuwa faida, tutajua pa kuelekeza nguvu.

Dada yetu unayesoma hapa na tarehe yako imeshatajwa, najua una mambo mengi kichwani: hina, piko, saluni, sanduku, mama mkwe. Ongeza moja tu. Leo usiku mpigie simu atakayekuendesha siku ile, umuulize gari ina mikanda mingapi inayofunga, na umwambie hutapanda mpaka kila mmoja amefunga wake. Ukimwambia wewe biharusi hatakataa, siku ile neno lako lina uzito ambao pengine halitakuwa nao tena kwa muda mrefu.

Allah awajaalie ndoa zenye kheri na baraka, na awafikishe salama kila waendako. Amin.